Turubai Lenye Mbele Nyingi

Nakumbuka mchana mmoja kule Tongoni, mwanangu, siku ya harusi ya dada yangu. Jua lilikuwa limegeuka, na kivuli cha turubai tulilosimamisha asubuhi kikawa kimewaangukia kuku bandani. Mikeka ya wageni ilikuwa inaungua juani, na ngoma ya watu wa bwana harusi kutoka Moa tulishaisikia njiani. Mama akashika kichwa.

"Wakwe wakae juani leo? Nitawatazama kwa uso gani?"

Tukaamua kulihamisha turubai likiwa limesimama vilevile. Vijana tukashika miti pande zote, na kila aliyeshika mti akawa kamanda.

"Huku!"

"Vuta kwako, bwana!"

"Kwangu ndiyo wapi?"

Turubai likatanuka, likatikisika, likabaki palepale. Wasichana wa jikoni walicheka hadi wakasahau pilau.

Ndipo shangazi Mwanaidi, dada yake baba, akatoka na mfuniko wa sufuria na mwiko. "Nyie, turubai hili lina mbele ngapi?" Akaenda kusimama kwenye mikeka, akaanza kuupiga mfuniko. "Mlio karibu nami, songeni, chomekeni miti! Wa ubavuni, tulieni! Wa nyuma, ng'oeni mfuate! Bakari, kiachie hicho kigingi, hujakioa!"

Mwanangu, turubai likatembea! Wageni walipofika walikuta kivuli, na kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mama.

Baadaye nikawa mwalimu wa baiolojia. Nilipoiona kwa mara ya kwanza seli nyeupe ya damu ikitambaa chini ya hadubini, nilicheka peke yangu. Niliufahamu mwendo ule.

Seli haina mfupa, ila ndani yake mna kiunzi cha nyuzi za protini, nyembamba mno, zinazojengwa na kubomolewa kila wakati. Ukichomwa na mwiba wa mkonge, kemikali husambaa kutoka kwenye jeraha, nyingi karibu yake na chache mbali. Vipokezi vilivyo juu ya seli huzinasa, na habari hupokezanwa ndani, protini hii ikiiamsha ile. Upande unaosikia zaidi, nyuzi huota, huusukuma utando mbele, na seli hushika chini. Pande nyingine hupata amri ya kutulia. Nyuma, nyuzi hujikaza, mshiko ukaachia, na mwili wote ukavutwa. Hivyo ndivyo mlinzi mdogo anavyofika jerahani. Lakini ishara ikija sawasawa kutoka kila upande, seli hutetemeka tu, haijui pa kwenda.

Basi nawe, najua unaitwa na wengi. Mjomba anakutaka bandarini, rafiki anakuvuta Dar, na moyo wako una lake. Wasikilize wote kwa adabu, kisha chagua upande mmoja, uutie nguvu zako. Wala usiogope kuachia ulichokishika nyuma. Seli haizitupi nyuzi inazobomoa, huzitumia tena kujenga mbele, na uliyojifunza kule ulikotoka yatakujenga vivyo hivyo kule uendako.

Mola akufungulie masikio, akutie wepesi miguuni, na akufikishe ukiwa na furaha. Amin.