Motere Tuliyoinywesha Bia

Shemeji yangu hanipendi na mimi simpendi. Tulijuana mapema, tukamaliza. Yeye ni mwenye duka mtaani Kikula, mume wa mdogo wangu wa kike, na anavyojisikia utadhani mvua inamwomba ruhusa. Mimi ni fundi wa kamyo. Miaka mingi nimelala chini ya malori ya mgodi hapa Likasi, mafuta yakinidondokea machoni, na jina langu ni safi. Sina kingine cha kujivunia. Hata meno yamebaki nusu.

Basi bwana huyu akanunua boti. Si ya kuvulia samaki wala ya kubebea mihogo. Ya kutembea tu, Jumapili, ziwani Tshangalele, amevaa miwani ya jua ili wavuvi wamtazame. Motere yake, ile injini inayofungwa nyuma ya boti, ilifika kwanza, peke yake, ndani ya sanduku la mbao. Boti ilipofika nikaitwa kuifunga motere, kwa sababu fundi wa boti Likasi utamtoa wapi?

"Shemeki," akaniambia, "hii haiko kamyo. Fungula akili."

Nikameza. Kwa ajili ya mdogo wangu nimemeza mengi.

Siku ya kwanza ziwani tulikuwa watatu: yeye kwenye usukani, mdogo wangu katikati, mimi nyuma. Hatukufika mbali. Filimbi ya onyo ikaanza kulia. Pembeni mwa motere kuna mkondo mdogo wa maji unaoruka nje; sisi tunasema motere inakojoa. Mkondo ule ukawa mwembamba, kisha matone, kisha mvuke mtupu. Motere ya boti haina rejeta kama gari. Inavuta maji ya ziwa, inajipoza nayo, inayakojoa. Isipokojoa, inaungua. Nikampigia kelele azime. Wavuvi wakatuvuta kwa kamba mpaka ufukoni, wakicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Pale ufukoni, mbele ya wavuvi na wanawake waliokuwa wanakausha samaki, akaninyooshea kidole.

"Weye mwizi! Ulitosha mu motere piesi ya muzuri, ukaweka ya kuoza. Ya muzuri uliuzisha!"

Mwizi! Katika mji wa migodi, fundi akishaitwa mwizi wa piesi, yaani vipuri, amekwisha. Hakuna atakayemwachia gari lake tena, hata la kuziba pancha. Damu ilinipanda. Haki ya Mungu, ningemtumbukiza ziwani na miwani yake. Mdogo wangu akanishika shati.

"Yaya, acha." Ndivyo anavyoniita, ndugu yake mkubwa.

"Peleka motere nyumbani kwako," nikamwambia shemeji. "Nitaifungua mbele ya macho yako, skrubu moja moja. Ikionekana nimeiba, nikatwe mikono."

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani kwake. Yeye kwenye kiti cha plastiki, amekunja nne kama hakimu. Majirani ukutani, wamekuja kuona mwizi. Nilianza na mepesi. Nikapitisha waya kwenye tundu la kukojolea: safi. Nikatazama vichujio vya chini, maji yanakoingilia: hakuna majani, hakuna tope. Nikatoa termosta, kile kilango kidogo cha shaba kinachojifungua chenyewe maji yakipata moto. Kwenye kamyo, termosta ikisumbua tunaing'oa na kuitupa, gari linaenda zake. Siku ile sikuthubutu kutupa kitu. Nikamwomba mdogo wangu sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikaining'iniza ndani kwa uzi. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kilango kikafunguka. Nikaitoa ipoe, kikajifunga.

"Umeona? Nzima."

"Endelea tu," akasema. "Mwizi haibi zote."

Mjinga huyu! Nikafungua mguu wa motere mpaka kwenye pampu. Ndani yake kuna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa sita, linalosukuma maji juu. Mabawa yalibaki matatu, magumu, yanang'aa, kama soli ya kiatu kilichosahauliwa karibu na moto. Yale mengine nikayavua kwa koleo kutoka kwenye bomba la juu, moja moja, nikayapanga kwenye sahani. Sita kamili. Na chapa kwenye gurudumu ilikuwa ileile ya kwenye motere. Hakuna kilichobadilishwa. Moyo uliniruka kwa furaha, nikasimama mbele ya majirani wote.

"Piesi ni ileile ya kiwandani! Mwizi hayupo hapa! Mpira huu unalainishwa na maji peke yake. Kuna mjinga aliwasha motere hii bila maji. Nani? Nani huyo mjinga?"

Kabla sijafunga mdomo, nikakumbuka.

Ile siku sanduku lilipofika, shemeji alikuwa Lubumbashi kuchukua bidhaa. Alipiga simu: mtu yeyote asiguse mpaka nirudi. Lakini kwetu kitu kipya hakiingii uani hivi hivi. Lazima kiaroziwe, kimwagiwe bia na kuimbiwa, hata kama ni friji. Wakaja akina mama wa kikundi cha sala cha mdogo wangu, tukaitundika motere juu ya ubao, wakaimwagia bia kichwani. "Yaya, iwashe kidogo, tusikie sauti," akasema mdogo wangu. Na mimi, fundi, nikaiwasha. Kamyo ikikosa maji inavumilia kidogo. Nikadhani na hii ni vilevile. Nikaipa gesi, ikanguruma, wakacheza. Wimbo ukaisha, wakaanza wa pili, nami nikaongeza gesi. Tuliinywesha chupa tatu za bia. Maji hakuna aliyeipa.

"Nani?" Shemeji alikuwa amesimama. Hakunitazama mimi. Alimtazama mke wake.

Mdogo wangu akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningependa kuandika kwamba nilisema. Nilisimama tu na koleo langu mkononi.

"Njo minye," akasema mdogo wangu, yaani ni yeye. "Niliiwasha na bamama. Yaya hakukuwako."

Shemeji akamtukana yeye, akamtukana marehemu mama yetu, akamwambia afunge mizigo arudi kwao. Kisha, mbele ya majirani walewale, akanipa mkono.

"Shemeki, unisamehe. Weye uko fundi kabisa."

Nikaupokea.

Wazazi wetu hawapo, kwa hiyo kwao ni kwangu. Mdogo wangu alikuja na begi moja. Gurudumu jipya lilifika kutoka Lubumbashi siku ya nne. Nikalifunga, nikaitumbukiza motere kwenye pipa la maji na kuiwasha, shemeji akipiga makofi. Nilirudi nyumbani jioni, nikamkuta mdogo wangu amepika bukari, ugali wetu, na samaki. Akaniwekea sahani, akanimiminia maji ya kunawa. Nilinawa, nikakaa, mkono haukwenda kwenye chakula.

"Inakojoa?" akaniuliza.

"Inakojoa."

"Basi kula, Yaya. Bukari inapoa."