Picha yangu ya HD ilivyotaka kumkosesha mdogo wangu chuo

Wakuu, habari za jioni. Hili limenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, labda kidogo tu kwenye sifa zangu.

Nina studio ya picha hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Kazi naijua. Hata nyani nikimpiga picha, unahesabu ndevu.

Sasa mdogo wangu Zuhura alirudia mtihani wa kidato cha nne ili apate alama za kusomea uuguzi. Mwaka mzima kajifungia kwa shangazi yetu Kilosa mjini, hata harusini haendi. Alama zikaja, nzuri kabisa. Akapanda gari kuja kwangu tujaze maombi ya chuo online, siku ya mwisho. Dirisha linafungwa saa kumi jioni.

(Siku ya mwisho, ndiyo. Msinitukane, sisi ni Wabongo.)

Nikampiga passport size kwa moyo wote. Nikaihamishia kwenye simu na kuitupia kwanza kwenye grupu la familia, maana kwetu jambo haliendi kabla shangazi hajaliona. Mara umeme ukakatika, kompyuta chali. Tukaendelea na simu.

Fomu ikajazwa. Vyeti vikapita. Picha ikagoma, maandishi mekundu hayo.

Nikalaumu mtandao. Nikabadilisha laini, nikazima simu nikawasha, nikatoka mpaka barabarani kutafuta network. Wapi! Nikahisi labda picha haijapendeza, nikaingia kwenye app nikaing'arisha zaidi. Ikagoma tena.

Saa tisa na nusu. Zuhura machozi yanamlenga.

"Kaka, hayo maandishi umeyasoma? Wanataka isizidi KB mia mbili. Hii yako ina MB saba."

Wakuu, nilikuwa sijasoma! Na kila nilivyoipamba ndivyo ilivyozidi kuwa nzito. Nikaikata pembeni, ikabaki MB nne. Niliona aibu sana. Mtoto anakosa chuo kwa sababu ya ufundi wangu.

Simu ikaita. Shangazi.

"Shangazi subiri, tuna dharura!"

"Hiyo dharura ndiyo imekula shikamoo?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mtoto ameshaandikishwa?"

Nikamweleza kwamba picha ni nzito, mfumo unaikataa.

"Nzito vipi? Mbona kwangu imefika, na simu yangu hii hata video haifungui?"

Nikakumbuka ile niliyoitupia kwenye grupu. Kumbe app ya kuchati huibana picha kabla ya kuituma!

"Shangazi, nirudishie hiyo picha haraka."

Ikaja. KB tisini na nne, na sura ni ileile. Nikaipakia, ikatokea alama ya kijani: maombi yamepokelewa. Saa kumi kasoro dakika saba.

Zuhura alinirukia mpaka tukaangusha stendi ya taa. Mama wa chapati wa jirani akapiga vigelegele bila hata kujua tunashangilia nini. Nilifurahi kuliko siku niliyonunua kamera.

Nilichojifunza: soma maandishi mekundu kabla ya kulaumu mtandao. Angalia kwenye details faili lako lina ukubwa gani, kisha lipunguze. Ukikwama, mtumie mtu kwenye chat kama picha ya kawaida, usitume kama document wala HD, halafu akurudishie.

Zuhura yuko mwaka wa kwanza sasa. Juzi kaja likizo na kitambulisho cha chuo, picha ndiyo hiyohiyo. Shangazi kakishika, anamwonesha kila mgeni: "Hii picha nimeituma mimi." Ile yangu ya MB saba bado ipo kwenye simu, hakuna aliyewahi kuiulizia, na wala siumii.

Haya, nani mwingine mfumo umewahi kumgomea picha? Ulitokaje? Karibuni mnicheke, ila salamu kwanza, shangazi naye siku hizi anasoma humu.