Nling'oa Majimbi Ili Bonde Liitwe Kavu

Kosa ni langu, simsingizii mtu wala shetani. Nalihesabu tokea mwaka ule tuliokula majimbi Ramadhani nzima. Futari majimbi ya nazi, daku majimbi yaliyobaki, mpaka wajukuu wakalia, "Bibi, tena?" Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, hapa hapa Al-Khoudh, huku Arabuni.

Hayakuwa ya sokoni majimbi yale. Nliyapanda mwenyewe, bondeni nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha milimani, maji huja pale yakasimama, kisha huteremka taratibu, yakapita ubavuni mwa nyumba ya jirani yangu mpaka wadini, kwenye korongo la maji ya mvua. Jirani huyo nitamwita Bi Zuwena, si jina lake. Shoga yangu tokea Unguja.

Mie nimelelewa kwenye bonde la mpunga. Mahali pa maji napajua hata pakiwa pamekauka. Basi nisiseme sikujua. Nlijua!

Mwanangu mkubwa alitaka kujenga pale, awe karibu nami. Nani asiyetaka wajukuu mlangoni? Lakini serikali ilikuwa ikipima: mahali pa maji pasijengwe, pakavu ruhusa. Akaja mwanangu na habari alizozipata mjini.

"Mama, wanatazama mambo matatu. Maji yenyewe, udongo, na kilichoota. Wakikuta majimbi, tumekwisha."

"Majimbi ni yangu," nkamwambia. "Nliyapanda, ntayang'oa."

Nkayang'oa yote! Siku mbili niko na jembe, kiuno kinapiga kelele. Juu ya tope nkamwaga changarawe. Majimbi tukayala, na mengine nkampelekea Bi Zuwena beseni zima. Akacheka, "We mwanamke, mbona umeng'oa hata machanga?" Nkamwambia yameingia wadudu. Lo! Na funga nnayo mdomoni!

Akaja mpimaji, kijana mwenye adabu, na karatasi zake.

"Bibi, maji husimama hapa?"

"Maji? Hapa hata kunguru hapati pa kunywa!"

Akachokora kwa kiatu. "Na udongo huu mweusi?"

"Majivu ya jiko langu, mwanangu. Mie mkaa sijauacha."

Akaandika. Mtu mzima wa mtaa akishasema, na nywele nyeupe hizi, nani atambishia? Kiarabu cha kusema nnacho, cha kusoma sina, basi nkaweka dole gumba. Bonde likawa kavu kwa dole langu! Mpaka leo najiuliza, sheria gani hiyo inayokwenda kumuuliza mwenye haja yake? Lakini sheria haikuning'oleshea majimbi. Nling'oa mie.

Mwanangu akajenga, na ukuta mrefu upande wa juu, yanakotokea maji. Miaka ikapita, mvua matone tu. Nkaanza kujisifu: mnaona? Pakavu!

Kisha ukaja mwaka wa kimbunga kile. Maji yakateremka yakiifuata njia yao ya siku zote, yakaukuta ukuta wa mwanangu. Unadhani yalirudi milimani? Yaligeuka yakaingia kwa Bi Zuwena, mlango wa mbele, yakatokea wa nyuma. Sisi tuko juu ya dari tunatazama, kwetu hata zulia halikurowa. Masanduku ya shoga yangu yanaelea. Yeye tulimkuta kakumbatia nguzo ya baraza, maji kifuani. Alipona, alhamdulillahi. Nyumba haikupona, ilipasuka, ikabidi ivunjwe. Akahamia Sohari kwa bintiye.

Nliufunga mdomo wangu mwaka mzima. Kila mtu alisema kudra ya Mungu, na mie naitikia, kudra! Mwisho nkashindwa, nkapanda gari mpaka Sohari, nkamwambia yote. Ng'oa ng'oa yangu, changarawe, dole.

Akasema, "Na mimi nlikula, nkakuombea dua. Yalikuwa matamu, shoga." Akainuka, akaingia ndani, akamtuma bintiye aniletee viatu vyangu.

Hajasema nami tena. Idi napiga simu, anapokea binti: mama analala. Saa nne za asubuhi, analala!

Sasa mwanangu, huyo huyo, anataka kununua kile kiwanja kitupu cha Bi Zuwena, ajengee wanawe. Wapimaji wanarudi. Juzi kanijia na karatasi mpya.

"Mama, sema tu maji yale yalikuwa ya kimbunga. Hayahesabiwi. Wao wanahesabu yale yaliyozoea kuja."

"Yalizoea kuja kabla hujazaliwa!"

"Mama, kwenye karatasi hapa ni pakavu. Ushasema mwenyewe."

"Nlisema uongo."

"Utatuaibisha? Na nyumba yangu wataisemaje?"

"Waiseme ilivyo. Dole gumba langu siweki."

Kanuna, haji, wajukuu hawaleti. Nawasikia tu wakicheza nyuma ya ukuta. Roho inaniuma, lakini mpimaji akija ntamwonesha mwenyewe maji yalipokuwa yakisimama, na yalipopita.

Nanyi mnaosoma, mababu na mabibi wenzangu mnaoulizwa kwa sababu ya mvi zenu: semeni mlichokiona, si anachokitaka mtoto. Maji hayasomi karatasi! Jirani yenu wa chini ndiye atakayeyapokea, nanyi mtabaki na nyumba kavu isiyopigwa hodi.

Jana mwanangu kamtuma mkewe, kaja na karatasi ile ile na kidau cha wino. Nkamkaribisha kahawa, nkamwambia alichokisikia mumewe: dole gumba langu siweki. Dole gumba langu siweki.