Friji Iliyokuwa Sawa

Kazi yangu ni kusahihisha vipimo vya friji. Naweka kipimajoto changu kando ya sensa, kile kihisi cha joto ndani ya friji, nalinganisha namba, na sensa ikiwa imepotoka nairudisha kwenye mstari. Nimefanya hivyo miaka mingi, kwenye mabucha ya Thika, vyumba baridi vya maua, na kliniki moja ya Ruiru yenye friji ya chanjo za watoto.

Friji ile ilitunzwa na sista mmoja, nesi wa makamo aliyetoka Kamenu kila asubuhi. Siku hiyo friji ilionyesha nyuzi nne, vile inavyotakiwa. Kipimajoto changu kikasoma tisa.

“Fundi, una hakika?” aliniuliza. “Hii haijawahi kunisumbua.”

“Sista, mashine huzeeka,” nilimjibu.

Nikaongeza tano kwenye sensa, ili friji izidi kupoa hadi isome nne tena, nikatia sahihi karatasi, nikaondoka. Kipimajoto kilikuwa kimeniponyoka Githurai wiki iliyotangulia, kikagonga sakafu. Nilipaswa kukijaribu kwenye maji ya barafu, kama kitasoma sufuri. Ni kazi ya dakika kumi. Sikuifanya.

Baada ya wiki kadhaa sista alinipigia simu. Alikuwa ametikisa chupa ya chanjo, akaona chembechembe nyeupe zikizama chini. Chanjo zilikuwa zimeganda, na chanjo ya aina ile ikishaganda haimkingi mtoto tena.

“Nimedunga watoto wangapi, fundi?” alisema. “Kila asubuhi nimeandika nne. Nne, nne.”

Nilijaza bakuli barafu na maji, nikatumbukiza kipimajoto changu. Kilisoma tano. Nikakitoa, nikakifuta, nikakirudisha. Tano. Friji ilikuwa sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeifundisha kudanganya.

Nilipofika kliniki, sista alikuwa ameshafutwa kazi. Nilimweleza mwenye kliniki kwamba kosa ni langu. Alisikiliza huku akitazama mlango.

“Wazazi tumewaambia ni uzembe wa nesi, na watoto wanachanjwa upya,” alisema. “Ukianza kusema mengine, hakuna mtu atarudi hapa. Rekebisha friji uende.”

Nikarekebisha. Halafu nikaenda.

Nilimtafuta sista kwao Kamenu, nikamkuta anaanua nguo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Hakulia wala hakunitukana.

“Umemwambia mwenye kliniki?”

“Nimemwambia.”

“Akasema?”

“Nirekebishe friji niende,” nilisema. Alikunja shuka, akaipanga juu ya nyingine.

“Kuna mama mmoja wa kanisani kwetu,” alisema. “Mtoto wake nilimdunga mimi. Siku hizi akiniona anavuka barabara. Utaenda kumwambia pia? Na wale wengine?”

Nilisema nitaenda. Alinitazama kama mtu anayesoma namba asiyoiamini, kisha akachukua beseni lake akaingia ndani.

Sikuenda. Sijui hata nyumba ya yule mama ni ipi, na sikuwahi kuuliza.