Kiganja cha Mjomba Utosini

"Nani anakusimamisha?" mjomba aliuliza. Fimbo ya gofu ilikuwa imefika juu ya bega langu, mikono imeganda.

Ujanani mjomba alikuwa kedi, akiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo huko mikoani, na uzeeni alirudi Nachingwea na fimbo tatu tu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nafanya kazi ya muda Ruangwa, na kila Jumamosi nilipanda basi kwenda kubishana naye. Alidai mpigo sahihi ni mmoja tu. Nikamwambia anithibitishie.

Jumamosi ya kwanza, kushika fimbo tu. Ya pili, kusimama: magoti yalegee, mgongo usijikunje. Ya tatu, fimbo ifike kiunoni na kurudi, bila mpira. Hadi hapo sikuogopa. Ya nne tulikwenda kwenye shamba lake la ufuta, lililokwisha kuvunwa. Akasimama mbele yangu, uso kwa uso, akanyoosha mkono na kuniwekea kiganja utosini.

"Kichwa kisicheze," alisema. "Kikitulia, hunigusi. Kikicheza, utanivunja mkono."

"Au kichwa."

"Au kichwa. Kwa hiyo usicheze."

"Umejuaje, mjomba? Kuna aliyepima?"

"Huoni mkono bado upo?"

Kila wiki fimbo ilipanda juu zaidi, na hofu nayo. Nikiwa ofisini nilisikia chuma kikigonga mfupa. Nilipiga hesabu za urefu wa fimbo na urefu wa mkono wake, na kila mara zilionyesha sitamgusa. Sikuziamini. Sikuamini pia kwamba mzee wa umri ule angewahi kuruka pembeni.

Sasa ilikuwa mara ya tatu naganda asubuhi hiyo. Mke wa mjomba, aliyekuwa akipepeta ufuta pembeni, akacheka.

"Mzee, binti anasubiri upite. Umesahau kulima?"

Alikuwa amesema kweli. Kwetu Marambo, ukiinua jembe na mtu akakaribia, unalishusha taratibu, unangoja apite. Nilifundishwa hivyo kabla sijaanza shule, kwa kofi. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwahi kuhoji hilo.

"Basi pita, mjomba."

"Leo sipiti." Kiganja kikanikandamiza. "Piga."

"Nikikuumiza?"

"Utanipeleka hospitali. Piga, mama."

Nilifumba macho, jambo alilonikataza tangu mwanzo, nikapiga. Upepo wa fimbo ulipeperusha shati lake. Mpira ulikwenda chinichini, mbali, ukapotelea kwenye mabua. Nikakaa chini. Mjomba alibaki palepale, akiutafuta mpira kwa kugeuza kichwa kizima.

"Umefumba macho," alisema. "Tunarudia."

Miaka mitatu baadaye nilimsindikiza kliniki ya macho. Muuguzi alipoliziba jicho lake la kulia, mjomba hakuona herufi ukutani, hakuona ukuta, hakuniona hata mimi niliyekuwa mbele yake. Akaeleza, kama anayetaja saa, kwamba mpira wa gofu ulimpiga akiwa kedi kijana. Tangu hapo jicho la kushoto halikuona tena, na upande huo ndiko fimbo yangu ilikokuwa ikitokea, kila Jumamosi.