Karavani Linalotoka Jasho

Nianze na la aibu kabisa, nilitue, halafu nipumue: mama mkwe wangu alinikuta nimevaa dera la mke wangu. Dera la zambarau, la maua. Kichwani nimefunga taulo. Nlikuwa nimesimama mlangoni mwa karavani, Mawaleh, hapa Maskati, asubuhi ya Ijumaa, kinanyesha kimvua chembamba, na ndevu zangu zote usoni, kwa hivo hata kujifanya mtu mwengine haikuwezekana.

Nlifikaje huko, ntasema.

Mvua za mwanzo wa baridi ziliangusha dari ya sebule yetu. Haikumwangukia mtu, alhamdulillahi, iliangukia televisheni. Fundi akaja, akatazama juu, akakuna shingo, akasema nyumba nzima ifunuliwe juu, miezi miwili. Mke wangu akachukua watoto akaenda kwa mamake, Al Khuwair. Na mie nkaambiwa njoo, chumba kipo. Nkasema sendi. Mwanamme halali ukweni. Sijui sheria hii nliitoa wapi. Skuli nliiacha katikati, na huko nlikofika hawakuisomesha. Lakini nliitangaza kwa kila mtu kama nimetumwa.

Rafiki yangu, dereva mwenzangu ofisini, ana karavani, lile la kuvuta nyuma ya gari. Analipeleka mchangani, jangwani huko, na wanawe siku za baridi, wanachoma nyama, wanalala, wanarudi.

"Yakhe, hili la siku mbili," alinambia. "Miezi miwili utaota ukungu."

"Weye lete tu. Mwanamme halali ukweni."

Alinitazama kidogo. Akalileta, tukaliegesha ubavuni mwa nyumba, baina ya mifuko ya saruji na tangi la maji.

Watu wanasema Maskati hakuna baridi. Kwa mwenye ukuta, kweli hakuna. Karavani ni bati na plastiki. Ukilala, pumzi yako inapanda darini, inageuka maji, inakurudia usoni. Na mie nakoroma, natoa pumzi ya watu watatu. Basi nlikuwa najinyeshea mwenyewe. Nkifungua dirisha mvua ya nje inaingia, nkifunga naitengeneza yangu humohumo.

Godoro likawa zito. Mkate ukaota manyoya. Chumvi ikagandana, nkawa naikata kwa kisu. Lakini kanzu ndo zilizonimaliza. Kazini kwetu huendi bila kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na zangu zilikuwa zikitoka kabatini na vidoa vyeusi shingoni na harufu ya tambara la kudekia. Siku moja kwenye lifti karani mmoja alivuta pua, akainama akatazama viatu vyake, akadhani ni yeye. Sikumtoa wasiwasi.

Nlichoka. Si uchovu wa kubeba vitu, huo nnaujua. Huu ni wa kuvaa nguo mbichi asubuhi, kuvua nguo mbichi jioni, na kukohoa baina yake. Ikafika hadi baada ya kazi nabaki kwenye gari, maegeshoni, nimewasha joto, naitazama barabara kuu na magari yanayokwenda majumbani. Kile ndo kilikuwa chumba changu kikavu. Mke wangu akipiga simu akauliza, namwambia, "Pazuri. Pakavu. Ungekuja ungeona."

Wiki ya sita akanambia, "Basi nakuja. Nshachoka kulala na watoto watatu kitanda kimoja, mguu wa huyu puani, mguu wa huyu mbavuni. Watoto watabaki hapa. Lakini mama anataka apaone kwanza, Ijumaa hii baada ya sala. Akisema panakalika, nahamia Ijumaa hiyohiyo. Akisema hapakaliki, weye ndo unakuja huku, na sitaki kusikia tena habari za mwanamme halali wapi. Sawa?"

"Sawa."

Wiki sita sijakaa na mke wangu zaidi ya kikombe cha chai. Nlitaka aje. Na nlitaka nisishindwe. Nlikuwa nayataka yote mawili kwa pamoja, na nna siku mbili tu za kuyatafuta.

Sasa, kwetu sisi harufu mbaya ina dawa moja. Mtoto kazaliwa, udi. Mgeni anakuja, udi. Samaki kaungua, udi. Basi Ijumaa asubuhi nkapangusa kuta kwa shuka zangu zote mbili, nkazitupa nje zinachuruzika. Nkafua kanzu zote tano, nkazikamua, nkazitundika ndani, moja hapa, moja pale. Nkawasha makaa kwenye chetezo, nkatia udi, nkaongeza ubani, nkaongeza udi tena kwa ajili ya mama mkwe, nkafunga mlango na madirisha yote ili isipotee hata harufu moja. Mie nkakaa nje chini ya turubali, nimejifunga taulo, nimefurahi na akili zangu.

Nliporudi ndani moshi ulikuwa umekutana na yale maji ya darini. Mie sikuwaza kama vitu hivyo vinajuana. Maji yamegeuka rangi ya chai ya rangi, na yanadondoka, tone, tone, juu ya kanzu tano nyeupe. Kila kanzu ina michirizi kuanzia mabegani. Nkasimama katikati, nkacheka peke yangu, halafu nkashikwa na kikohozi, nkakaa chini.

Ndani ya gari kulikuwa na mfuko wa nguo ambao mke wangu aliusahau siku alipohama. Nguo za watoto, na dera. Kavu! Nkaliweka shavuni kwanza. Wangekuja baada ya sala, nna saa tatu za kwenda kununua kanzu. Nkalivaa nipate joto kidogo tu, na taulo nkalifunga kichwani.

Wakaja wakati huohuo. Mama mkwe amebeba thamosi ya uji.

"Salaam alaykum. Kuna mtu?"

"Niko mie, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama kutoka taulo mpaka pindo. "Limekukaa. Kifuani tu limekubana."

Mke wangu akakaa juu ya mifuko ya saruji, anacheka mpaka hana sauti. "Dera langu la Idi! Mama, mtazame! Dera langu la Idi!"

Mama mkwe hakucheka. Alipanda ndani, akavuta pumzi, akaziangalia kanzu, akainua godoro kwa ncha za vidole. Chini yake palikuwa peusi. Akaliacha.

"Unakohoa tangu lini?"

"Jana, mama."

"Jana ya mwezi gani?" mke wangu akauliza kutoka nje.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "nlimwambia mtoto wangu, nkiona pakavu anahamia leo. Sasa mie sitosema. Sema weye. Pakavu?"

Nlikuwa na maneno. Mie maneno sikosi. Tone likanidondokea puani, la rangi ya chai.

"Si pakavu, mama."

"Haya. Ingia garini."

"Na dera?"

"Una nguo nyengine?"

Nlikwenda Al Khuwair hivohivo, kiti cha nyuma, nimekumbatia thamosi. Nlipewa kanzu ya shemeji, nkapewa uji, nkalala kitanda kikavu, na sala ya Ijumaa ikanipita, Mungu anisamehe, nliamka magharibi. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni anakunja nguo za watoto. Sikuuliza nani kashinda. Nlimwomba anisogezee blangeti.

Wiki ile nkamrejeshea rafiki yangu karavani lake, nkamsimulia yote, na dera nkaliigiza. Alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akaanza kukunja waya wa umeme, taratibu, na akasema, "Mie naishi ukweni mwaka wa kumi na moja huu. Weye unapajua, umekula pale. Na ile 'mwanamme halali ukweni' ulinambia mie, usoni. Nlitaka kukunyima hili karavani. Nkaona bora nikupe, ulale humo."