Mpira wa Mbali na Mpunga wa Shangazi

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, 1964. Mvua ya usiku ilikatika asubuhi, lakini mawingu yalibaki yamelala juu ya milima na matope yalishika viatu.

Siku hiyo misionari wetu, Muzungu wa Amerika, alitaka kuchagua monitere mmoja, mwalimu wa michezo, kwa shule ya misioni. Tulibaki wawili: minye mwenyewe, mtoto wa mpunga wa bonde la Runingu, na mwenzangu, mchungaji wa ng'ombe kutoka milima ya juu. Kazi ile ilikuwa na nyumba ya bati. Uhuru tulikuwa tumeupata, nyumba bado. Minye na mke wangu tulilala kwa shangazi, katika chumba cha majembe.

Jaribio lilikuwa besiboli, mchezo wa kwao wa kupiga kwa gongo mpira unaotupwa. Alitufundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mpira ukija karibu na tumbo, bana viwiko kwenye mbavu, geuza kiuno mapema, uupige ungali mbele yako. Ukija chini, kunja magoti, si mgongo. Ukija mbali na mwili, usiukimbilie. Uache ufike, kisha usukume uende kuume.

Mipira ya karibu niliipiga, na ya chini pia. Mwenzangu ya karibu ilimshinda. Alinyoosha mikono kama anayegusa ng'ombe kwa fimbo. Ndipo misionari akaanza kutupa ya mbali.

Upande wa kuume palikuwa na shamba la shangazi, na mpunga ulikuwa katika maua. Kwetu mpunga wa maua hauingiliwi, hata na mwenyewe. Ukitikiswa, punje zinabaki tupu. Kwa hiyo kila mpira wa mbali niliuvuta kwa nguvu uende kushoto, nao ukaviringika tu miguuni pangu.

"Kuume," misionari alisema. "Nilikuambia nini?"

"Kule iko mpunga, Bwana."

"Mimi sitazami mpunga. Natazama mikono yako."

Mwenzangu alisubiri, akasukuma. Mipira yake ikaanguka katikati ya maua, na wanafunzi wakaingia kuitafuta. Kazi akapewa yeye. Sitasema alipendelewa, alifanya alichoambiwa. Labda hata pasipo mpunga ningeshindwa. Sijui, maana mikono yangu sikuijaribu.

Alikuja kunipa mkono. "Kaka, ng'ombe zetu zikikanyaga shamba munapiga kelele. Leo Muzungu amekanyaga, munanyamaza."

Nikacheka, kwa shida.

Nyumbani nilimweleza shangazi, nikitazamia shukrani. Alikuwa ametoka kuona mabua yaliyolala.

"Weye ungepiga tu," akasema. "Sasa mpunga umevunjika, na nyumba hamuna."

Mke wangu alipakua bugali wa muhogo na sombe ya majani yake, isiyo na mawese. Chumvi ilikuwa kidogo sana, kwani tangu waasi wanaopigana na serikali waonekane milimani wachuuzi waliogopa barabara. Tukala.